CD ya Kichwa cha Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari kabla hujaisoma safu hii, usijali, hukukosa furaha yoyote. Studio yangu ya video za harusi ilifungwa. Bibi harusi wa mwisho alinirudishia CD yake, akaniuliza kama ni kioo cha kujitazamia. Mke wangu akaibeba kompyuta yangu, ile niliyochomea CD za harusi za nusu ya mji huu, akaiweka jikoni iwe stuli ya ndoo ya maji. Nikanyamaza, maana ndoo ilikaa vizuri.

Halafu mama mkwe wangu akalazwa.

Mama mkwe ana uvimbe kichwani, nyuma ya macho, pale ambapo mishipa ya macho yote mawili hukutana. Mwaka jana alipigwa skani katika hospitali nyingine, wakampa picha zake kwenye CD. Akaizika sandukuni kati ya mashuka. Tangu nimwoe binti yake, hiyo ndiyo mara ya kwanza kitu cha fani yangu kupewa heshima katika ukoo ule.

Asubuhi ninayowasimulia, mke wangu aliitoa CD sandukuni akanikabidhi.

"Mpelekee daktari mkononi. Usipite popote."

"Unanionaje?"

"Ndiyo maana nimesema usipite popote."

Sasa niungame. Nilipoichungulia ndani ya bahasha niliona aibu. Ilikuwa tupu, ina maneno mawili ya kalamu yaliyoandikwa na mtu mwenye haraka zake. CD ya kwenda kwa daktari bingwa! Mimi sijawahi kumpa mteja CD isiyo na lebo, hata wale walioachana kabla sijamaliza kuhariri video yao.

Nilikuwa bado na karatasi za lebo. Nikachagua yenye waridi pembeni na njiwa wawili juu, nikaandika kwa wino wa dhahabu: *Kichwa cha Mama*. Nikaibandika, nikaisugua kwa kiganja mpaka mapovu yote yakaisha. Ilipendeza. Ungeweza kuiweka sebuleni wageni waione.

Daktari bingwa ni mama mmoja wa maneno machache, anayekuja hospitali ile kwa nadra na jioni ile alikuwa anaondoka. Aliitazama CD, akawatazama njiwa, akanitazama mimi.

"Hii ni nini?"

"Picha za mama mkwe, daktari."

"Za harusi yake?"

"Za kichwa."

Akainyanyua laptopu yake. Akanionyesha ubavu wa kulia, akanionyesha na wa kushoto.

"Unaona pa kuiingizia?"

Sikupaona. Laptopu yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko bahasha niliyoishika.

"Hukuleta flashi?"

"Sikuleta, daktari."

Alivuta pumzi. "Sikiliza, baba. Picha za jana ninazo, na uvimbe nauona. Nisichokijua ni kama umekua. Kama umekua, namfungua leo, chumba kiko tayari. Kama haujakua, na mwenyewe anasema anaona vizuri, simgusi. Pale ndani ni padogo sana, naweza kumrudisha nyumbani kipofu. Kwa hiyo nataka za mwaka jana, na nazitaka kabla sijaondoka."

"Ile hospitali nyingine hawakubakiza nakala?"

"Nimewapigia. Mashine yao ikijaa inafuta za zamani. Ndiyo maana wanawapa CD."

Mnaona akili hiyo? Hospitali ya kwanza inakutunzia picha kwa kukupa kitu ambacho hospitali ya pili haina pa kukiingiza. Naamini walikaa kikao, na naamini chai ilikuwa nzuri.

Nikatumwa chumba cha kompyuta cha hospitali. Fundi wa humo alipoiona CD aliinuka kwenye kiti.

"Wee! Njoo uone!" alimwita mwenzake. "Kuna mtu ana CD!"

Mwenzake alikuja mbio. Akaomba kuishika. Akapiga nayo picha.

"Mzee, mashine za kusoma hizi tulizitupa zamani," fundi akaniambia kwa huruma ya msibani. "Kwani wewe unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nimestaafu.

Kwenye korido nikamkuta mke wangu na mdogo wake wa mwisho. Huyu shemeji yangu anauza simu, na ukinunua simu anakuuzia pia nafasi ya kuhifadhi vitu vyako mtandaoni. Anasema vitu vyako vinakaa mawinguni, ndiyo maana ukoo mzima unamwita Wingu. Kanipigia kelele miaka yote kwamba CD imekufa. Siku ile alivaa uso wa mtu aliyetabiri mvua ikanyesha.

"Shemeji, mimi nilisema. CD imekufa. Mzike tu, muanue matanga."

"Nizike na picha za mama yako zimo ndani?"

"Ndiyo inaniuma. Zingekuwa kwangu, daktari angebonyeza mara moja tu, basi."

"Zingekuwa kwako, zingekaa pamoja na picha za harusi yako."

 Wingu alibadilisha simu akasahau neno lake la siri, na picha za harusi yake mpaka leo zinaelea huko juu. Mkewe akizitaka, anaambiwa atazame angani. CD yangu haina neno la siri. Inataka tundu tu, na hilo tundu ndilo dunia imeamua kuliziba.

"Nyamazeni nyote wawili," mke wangu akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nani ana mashine?"

Wingu akatazama viatu vyake.

"Mimi," nikasema. "Iko chini ya ndoo."

Kabla hatujatoka, mama mkwe akatuita wodini. Alikuwa ameketi wima kitandani, uso kaelekeza dirishani, anawaamrisha wauguzi wamsogezee hiki, wamwondolee kile. Ukimwona ungedhani hospitali ni yake na sisi ni wapangaji.

"Nasikia CD haisomeki."

"Itasomeka, mama," nikasema.

"Mkwe, maisha yako yote umefanya kazi moja. Na hiyo moja nayo ikushinde?"

Hata kunitazama hakunitazama. Nilikwisha kuzoea.

Mke wangu akabaki na mama yake; mimi na Wingu tukafika nyumbani, nikaitua ndoo. Kompyuta ilikuwa na duara la kutu juu na mende mmoja ndani, ambaye alihama bila ubishi. Nikachomeka umeme. Ikakohoa, ikanguruma, ikawaka. Nilitaka kuibusu, lakini Wingu alikuwa ananitazama.

Nikaibonyeza, ule mlango wa CD ukatoka kwa kujivuta. Nikaweka *Kichwa cha Mama*, nikausukuma ndani.

Ikaanza kuzunguka. Ikazunguka kwa kasi. Kisha mashine nzima ikatetemeka, ikawa inapiga kelele kama sufuria yenye kokoto.

"Ni kawaida hiyo?" Wingu akauliza.

"Inapasha moto misuli."

Pakasikika *krrk*. Kimya.

Nikabonyeza mlango ufunguke. Haukufunguka. Nikabonyeza tena kwa adabu, kisha bila adabu. Wapi!

Kuna kitundu kidogo chini ya ule mlango, ambacho ukikichokoza na kitu chembamba unafunguka kwa lazima. Nikaanza kupekua droo za jikoni nitafute waya. Wingu akanisogeza pembeni. Akachomoa mfukoni kile kipini chake cha kutolea laini ya simu, akakiingiza. Kikaenea sawasawa. Mlango ukatoka.

Lebo ilikuwa imenyanyuka upande mmoja. Njiwa wa kushoto alijikunja na ndiye aliyekwama. Karatasi ile, ambayo niliisugua kwa mapenzi yangu yote, ndiyo iliyokuwa inaitikisa CD na kuikaba.

"Toa hiyo karatasi," Wingu akasema.

"Najua kazi yangu."

Nikaishika pembe iliyonyanyuka, nikaivuta.

Lebo ikatoka karibu yote. Na lile ganda la fedha linalong'aa likatoka nalo.

Wasiojua wajue leo: picha haziko kwenye plastiki. Ziko kwenye ule utando wa juu, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, chini kabisa ya mahali unapobandika njiwa. Nilichokishika mkono wa kushoto kilikuwa karatasi yenye waridi mbele na fedha nyuma. Nilichokishika mkono wa kulia kilikuwa plastiki. Nikainyanyua, na kupitia ukingo wa CD nikauona uso wa Wingu, upande wa pili, umekodoa macho.

"Shemeji," akasema polepole. "Huyo uliyembandua ni mama yangu?"

 Nikakaa juu ya ndoo, na ilikuwa na maji, yakamwagika. Niliogopa kweli. Mke wangu ameniamini kwa mambo machache sana maishani, na hili lilikuwa mojawapo. Mtu angeweza kufunguliwa kichwa bure, au kuachwa apofuke, kwa sababu mimi nilitaka CD ipendeze.

"Ibandike tena!" Wingu akasema.

"Haibandikiki."

"Gundi?"

"Wingu, nyamaza nifikiri."

Nikaipeleka dirishani, nikaigeuza kwenye mwanga. CD inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na picha za skani ya kichwa kimoja haziijazi yote. Ukiitazama kwa ubavu unaona pete yenye rangi iliyokolea pale palipoandikwa, na kilichobaki ni tupu. Ganda nililolichuna lilikuwa la ukingoni, kwenye utupu. Isipokuwa ulimi mmoja uliochanika kuelekea ndani, ukagusa ile pete.

"Kuna matumaini?" akauliza.

"Kuna mtu wa mawinguni anaomba CD ifufuke?"

"Shemeji, weka hiyo kitu."

Nikaweka. Safari hii haikutetemeka. Ikazunguka taratibu, ikanung'unika, na picha zikaanza kunakiliwa moja moja kwenye flashi ya Wingu.

Skani inamkata mtu vipande vyembamba kama mkate, na CD ile ilianzia kidevuni. Ukatokea ulimi. Yakatokea meno. Meno yale nayafahamu, yamenisema kwenye kila kikao cha familia. Ikatokea pua. Kisha, tulipoanza kuuona ukingo wa chini wa macho, mashine ikasimama.

Ikavuta. Ikaachia. Ikavuta tena.

Wingu akapiga magoti sakafuni kwenye maji niliyomwaga, akaanza kuipapasa kompyuta mgongoni.

"Twende, mama. Twende. Taratibu tu. Usikate tamaa, mama."

Huyo ndiye aliyekuja hospitali na msimamo kwamba tuzike. Ningemcheka, lakini na mimi nilikuwa nimeshika ubavu wa pili.

Ikapita. Kikaja kipande kimoja, kingine, kingine. Macho yote mawili, na nyuma yake, katikati, kile kidonge cheupe kilichotukosesha usingizi. Utosini ikakwama moja kwa moja na haikuendelea tena. Wingu akasema utosi wa mama yake haujawahi kuwa na tatizo, tuondoke.

Njiani alijaribu kuzituma picha mawinguni ili zimtangulie daktari. Mtandao haukuwepo.  Nilipiga mluzi tu.

Daktari aliweka picha za mwaka jana upande mmoja wa kioo na za jana upande mwingine. Akapima. Akapima tena. Mke wangu alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vinaniuma.

"Haujakua," daktari akasema.

"Kabisa?"

"Kama umeongezeka, ni kidogo mno. Picha peke yake isingenitosha, lakini asubuhi kasoma herufi zote za ukutani, mpaka mstari wa mwisho. Mtu anayeona vile simfungui kichwa. Mrudisheni nyumbani. Nitamwona nitakaporudi tena, baada ya miezi."

Mke wangu alinikumbatia mbele ya wauguzi. Tangu studio ifungwe hajanikumbatia hata mbele ya paka. Wingu akanibebea bahasha, akamwambia yule fundi wa kompyuta, kwa sauti ya kusikika korido nzima, "Mpishe mtaalamu apite!" Nami nikapita polepole ili nipishwe vizuri.

Mke wangu akaenda kuchukua dawa, Wingu akaenda kuleta gari. Mimi nikajitwika kazi ya kumpelekea mama mkwe habari. Nilitaka nione uso wake peke yangu.

"Nani?" akauliza nilipofika kitandani.

"Mimi, mama. Mkwe wako. CD imesomeka. Uvimbe haujakua, hakuna kisu. Unarudi nyumbani leo."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka. Sikujua kwamba yule mama alikuwa na hofu. Nikaingiwa na huruma, na huruma ikiniingia huwa najikuta nasema ukweli.

"Mama, acha nikuchekeshe. Tazama nilivyoifanya CD yako."

Nikaitoa. Ilikuwa ya kutisha. Upande mmoja plastiki tupu unaona mpaka kitanda cha pili, upande mwingine vinyuzi vya fedha vinaning'inia, na katikati kipande cha waridi kilichogoma kutoka. Nikamwekea mkononi. Akapitisha kidole ukingoni, akaiinua usawa wa dirisha.

"Mbona iko salama? Inang'aa vilevile."

Nikacheka. Nilidhani ananisitiri.

"Mama, tazama vizuri. Imebanduka."

"Wapi?"

"Hapo hapo unapotazama."

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akatabasamu kuelekea mahali ambapo sikuwepo, maana nilikuwa nimesogea.

Kicheko kikanikauka. Nikanyoosha mkono mbele ya uso wake, nikaupeleka kulia, nikaurudisha kushoto. Macho yake hayakuufuata.

"Mama, nimeshika nini mkononi?"

"Usinichezee, mkwe."

"Nimeshika nini?"

 Akaiweka CD kwenye shuka, taratibu, akiipapasia mahali pa kuiweka.

"Vuta pazia," akasema.

Nikavuta.

"Tangu lini, mama?"

"Ilianza pembeni. Ikawa inakuja katikati, polepole. Sasa naona mwanga na vivuli."

"Na herufi za ukutani? Daktari anasema ulizisoma zote."

"Walionitangulia kwenye foleni walizisoma kwa sauti. Ni zilezile kwa kila mtu." Akanyanyua kidevu kidogo. "Mimi kichwa changu kinashika."

Nisingekuwa nimekufa ganzi, ningempigia makofi.

"Mama, daktari kaamua kwa sababu yako. Kaamua kwa kuwa unaona."

"Dada yangu aliingia kwenye kile chumba cha kisu kwa miguu yake, anatutania. Walimtoa amefunikwa." Sauti yake ilitetemeka, na ile ni sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitetemeka. "Kivuli cha binti yangu nakiona. Cha wajukuu nakiona. Chako nacho kipo. Vinanitosha. Usimwambie mkeo. Usimwambie yeyote."

"Lakini vivuli navyo vitaondoka, mama."

"Nakuomba, mwanangu."

Miaka yote nimekuwa *mkwe*, na siku mbaya nimekuwa *huyo*. *Mwanangu* sikuwahi kuwa. 

Pazia likafunguliwa. Mke wangu ameshika mfuko wa dawa, anacheka na machozi yanamtoka. Nyuma yake daktari, koti jeupe kalivua, begi begani, funguo za gari mkononi.

"Mama, jiandae, tunaenda nyumbani!"

"Na mimi naondoka," daktari akasema. "Kuna mwenye swali kabla sijatoka?"

Mama mkwe akapeleka mkono kutafuta wangu. Akakikosa kiganja, akashika shuka. Akapapasa tena, akanipata, akanikamata kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Mke wangu akauona mkono ule, akajifuta machozi.

"Jamani," akasema, "nyinyi wawili mmepatana lini?"

Daktari akanitazama. Labda uso wangu ulisema kitu.

"Baba, una swali?"

Mkono wa mama ukanibana mpaka kwenye mfupa.